Neno Nililomnyima Afande wa Kiboriloni

Tulimwita Afande, basi. Kiboriloni wamepita maafande wengi, wakali na wapole, lakini ukisema Afande bila kuongeza neno, hata mama muuza parachichi alijua unamsema nani. Ni yule mama mfupi wa trafiki, sare yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, anayetembea kwa miguu kutoka barabara kuu hadi sokoni na filimbi shingoni. Filimbi yenyewe hakuipuliza. Alikutazama tu, na wewe mwenyewe ukatafuta pa kuegesha.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Nimekaa kijiwe cha Kiboriloni miaka kumi na minne, na miaka tisa ya mwisho nimekuwa mwenyekiti, cheo kisicho na mshahara wala heshima. Nimechoka, nakiri. Kumwambia mtu mzima avae kofia ngumu, akusikilize, aivae, kisha aivue akifika kona ya kwanza, kunachosha kuliko kubeba magunia. Afande aliifanya kazi hiyo miaka mingi kuliko mimi, na yeye alikuwa akichukiwa zaidi.

Niseme mapema, msomaji asije akaniona mtu mwema. Kuna neno moja nililomnyima mama huyu kwa miaka saba. Alikuwa amebeba kosa langu akidhani ni lake, nami nilimwona akilibeba kila Jumamosi, nikanyamaza. Nitasimulia ukali wake na wema wake, na visa vyake vya kuchekesha pia, lakini yasomwe yote kwa kujua hivyo.

Kwanza salamu. Afande alikuwa mtu wa Masama, na malezi ya mlimani hayaondoki kwa mtu kuvaa sare. Akimsimamisha mzee aliyepakiwa mishikaki, yaani abiria wawili watatu juu ya pikipiki moja, alianza na shikamoo. Alisubiri marahaba yake. Aliuliza habari za nyumbani, habari za ng'ombe, kama mvua imefika huko juu. Halafu kwa sauti ileile ya upole alisema, "Sasa baba, shuka." Mzee alishuka. Abiria wa pili alishuka bila kuambiwa. Dereva alibaki peke yake ameshika usukani, hana hata mtu wa kumsingizia.

Siku moja alimsimamisha padri. Alikuwa amepakiwa pamoja na katekista wake, wote vichwa wazi, wanawahi ibada. Padri akasema kwa utani kwamba yeye anao ulinzi wake. Afande, Mlutheri wa kuimba sauti ya pili kwaya, akamjibu kwa heshima zote, "Baba, Mungu amekupa kichwa. Kukifunika amekuachia wewe." Kisha akaandika. Wakatoliki wa kijiweni, mimi nikiwemo, tulilisimulia neno hilo wiki nzima, na Jumapili iliyofuata padri mwenyewe alilihubiri. Tangu hapo akipita Kiboriloni amevaa kofia ngumu, na mbili za ziada zimening'inia pembeni, na sisi tukimpungia.

Hakupokea kitu. Kwa kazi yake hilo lilikuwa jambo la kushangaza, na wengine walilichukulia kama maringo. Soda hakunywa kwa mtu. Ukimletea parachichi au ndizi mbivu kutoka kihambani, shamba la nyumbani kwenu, alizipokea, maana kukataa chakula cha shambani ni kumdharau aliyekilima, lakini alizikata palepale barabarani akawagawia wote waliokuwepo, na wewe uliyeleta ukapewa kipande chako. Baada ya hapo alikuandikia kosa lako. Tulijifunza haraka kutopoteza parachichi.

Na huyu mama aliyetushughulikia sisi na pikipiki zetu alikuwa anaziogopa pikipiki. Sijawahi kumwona amepanda. Kwenye jua la Januari, kwenye tope la Aprili, alitembea. Tulimtania kwamba anafundisha kuogelea huku amesimama ukingoni na viatu vyake vikavu. Alicheka, maana kucheka alijua, akasema daktari si lazima augue kwanza. Lakini woga ule ulikuwa wa kweli. Pikipiki ikiwaka karibu naye, mkono wake ulishika mkanda wa sare.

Darasa lake lilikuwa Jumamosi saa mbili asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Ukikamatwa kwa kosa dogo mara ya kwanza, alikupa uchague: uandikiwe, au uje darasani Jumamosi nne mfululizo. Sijui kama wakubwa wake walimruhusu, sikuwahi kuuliza. Tulichagua darasa tukidhani tumepata nafuu. Hakutuonyesha picha za maiti kama walivyofanya wengine. Alisema picha hizo humtisha mtu siku mbili, siku ya tatu amezizoea. Yeye alitutoa nje, akatupanga wawiliwawili, kila dereva abebwe na dereva mwenzake mpaka njia panda na kurudi, kwa mwendo wake wa kila siku.

Hapo ndipo nilipowaona wanaume. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, jitu la miraba minne, tuliyemwita Mangi, miaka kumi barabarani, anayepita katikati ya malori mawili huku anaongea na simu. Siku hiyo alikaa nyuma. Alirudi amemkumbatia dereva wake kiunoni kwa mikono miwili, macho amefumba, na baadaye dereva akatuambia kwamba njia nzima Mangi alikuwa akimwomba apunguze kwa jina la mama yake. Afande alisimama mlangoni akituhesabu tulivyorudi. "Kila dereva ni jasiri," akasema, "mpaka akae nyuma." Ndilo neno lake ninalolikumbuka kuliko yote, na ninalitumia mpaka leo bila kumtaja mwenyewe.

Msemo wake mwingine ulizaliwa msibani. Tukifiwa na mwenzetu tuna desturi mbaya. Tunalisindikiza jeneza kwa pikipiki zote za kijiwe, honi zinalia, wengine wamesimama juu ya siti, wengine wamepakiana watatu, vichwa wazi wote, maana siku hiyo tunaamini hakuna trafiki wa kutukamata. Na kweli hawatukamati. Afande hakutukamata. Alisimama pembeni ya barabara peke yake, akalipigia jeneza saluti, akabaki vile mpaka pikipiki ya mwisho ikapita. Kesho yake asubuhi alikuja kijiweni kabla hatujapata hata chai. Akauliza swali moja tu: "Jana mlikuwa mnamsindikiza au mnamfuata?" Aliondoka bila kumwandikia mtu yeyote.

Sasa nieleze kosa letu. Kila mji una makosa yake ya barabarani, lakini sisi watu wa mlimani tuna moja ambalo mtu wa Dar hawezi kulifanya hata akitaka, kwa kuwa hana mteremko. Ukitoka Mwika na mzigo wako kuelekea chini, barabara inashuka, inashuka, na mafuta ni ghali. Basi unazima injini. Unaiachia pikipiki iteremke yenyewe, kimya kabisa, na wewe kazi yako ni kukanyaga breki. Tunaita kushuka bure, kwa maana safari hiyo anayeilipia ni mlima. Baba anamfundisha mwanawe, dereva mkubwa anamfundisha mdogo. Mtu anayeshuka injini inanguruma tulimwona mgeni au tajiri.

Afande alilichukia kosa hilo kuliko mishikaki. Alitueleza mara nyingi: injini ikiwaka, gia ya pili inaishika pikipiki isikimbie, na breki inapata kupumzika. Injini ikizimwa, breki inabeba kila kitu peke yake, wewe, abiria wako, mkungu wa ndizi na mlima wenyewe, na breki ikichoka haitoi taarifa. Tulimwitikia ndiyo Afande, ndiyo Afande. Tukitoka ukumbini tulipanda kwetu, tukageuza, tukazima.

Mimi pia nilizima, na wakati huo nilikuwa mwenyekiti, kiongozi wa darasa, mshika chaki wake.

Desemba moja, wiki ya kabla ya Krismasi, wageni wa Dar wamejaa mlimani na kazi ni asubuhi hadi jioni, Afande aliikagua pikipiki yangu akakuta breki ya nyuma imekwisha. Akaichukua. Hakujali uenyekiti wangu. Mama yangu, mjane wa Mwika aliyekuwa akinitegemea mimi tu, alipopata habari hakuniambia kitu. Alishuka na gari la asubuhi mpaka kituoni, na ndani ya kanga yake alikuwa na jani la isale.

Kwa wasiotoka kwetu, isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba. Mtu akikukosea, akaja kwako na jani lake mkononi, amekuja kuomba msamaha, na huwezi kumfukuza. Hata kwenye kesi ya damu wazee walikaa chini wakasikilizana kwa ajili ya jani hilo. Pale kituoni kulikuwa na askari kijana wa kutoka Lindi, akauliza kama hiyo ni dawa ya tumbo. Mama alimnyooshea Afande lile jani kwa mikono miwili.

Afande akamwambia mama kwa upole kwamba isale hupelekwa kwa jirani, haliletwi kituoni. Mama akasema, "Mimi kituo sikijui, mwanangu. Nakujua wewe ni mtoto wa huku."

Alilipokea. Nilikuwepo, nililiona jani likitoka mkono hadi mkono, na uso wa Afande haukuwa wa mtu aliyeshinda wala aliyeshindwa. Akanipa ufunguo. Akasema breki ibadilishwe leo, si kesho.

Nami niliibadilisha. Siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, uani kwangu, kwa mikono yangu, breki mpya kabisa kutoka dukani. Hapakuwa na mtu wa kuniona. Baadaye hilo ndilo nililolificha, kwamba nilitii.

Siku ya tatu nilimpakia fundi cherehani wa Mwika, mama wa makamo, jirani yetu, tunayesali naye kigango kimoja. Alikuwa anakwenda Kiboriloni kuchukua vitambaa vya sare za kwaya. Nyuma yake nilifunga mkungu wa ndizi. Nilimvalisha kofia ngumu, nikamfunga mkanda kidevuni, maana hilo Afande alikuwa amelitia kwenye damu zetu. Tulipofika juu ya mteremko nikazima injini. Fundi akauliza mbona kimya. Nikamwambia nataka asikie ndege wa Krismasi. Alicheka.

Nilikanyaga breki njia nzima. Kuna mahali nilisikia harufu ya kuungua, nikajiambia ni breki mpya, zinazoea. Kona ya pili kutoka chini, pedali ilizama mpaka mwisho na haikushika kitu. Tuliingia mtaroni. Mimi nilivunjika mfupa wa bega. Yeye kichwa kilipona, kofia ilipasuka badala yake, lakini mguu wa kulia ulisagwa na pikipiki, na hospitalini waliukata chini ya goti. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga.

Afande alikuja wodini kesho yake, pamoja na mkaguzi aliyekuwa ameitazama pikipiki. Mkaguzi alikuwa amekuta breki imeungua, haina kitu, akaandika kwamba ilikuwa imekwisha. Alianza kuniuliza. Kabla sijafumbua mdomo, Afande akasema, "Pikipiki hii niliiachia mimi ikiwa na breki mbovu. Andika hivyo."

Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ya kusema. Naikumbuka pumzi ile. Niliwaza gereza, niliwaza leseni, niliwaza mama yangu kanisani akipishana na fundi. Nikaitoa pumzi bila neno. Nilijiambia nitasema kesho, nikiwa sina maumivu. Kesho Afande alikuwa ameshaandika maelezo yake na kutia sahihi. Mimi niliandikwa dereva aliyeharibikiwa na chombo. Yeye aliandikwa mzembe. Walimwondoa barabarani mwaka mzima, wakamweka ofisini mji mwingine kugonga mihuri, na cheo alichokuwa akikisubiri alipewa mwingine.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine, au nusu yake. Salamu zilibaki, shikamoo ilibaki, lakini kuchagua kulikwisha. Uliandikiwa na darasani ukaja. Watu walikuwa wamesikia habari za mama yangu, wakaanza kuwatuma mama zao. Afande akiona jani la isale kwa mbali alikuwa anageuka na kuingia ndani, na kufunga mlango. Wazee walisema amekuwa jiwe, amesahau kwao. Mimi nilijua kwa nini, na niliwasikiliza wazee wakimsema nikatikisa kichwa pamoja nao.

Halafu kulikuwa na vikofia. Wanawake wengi walikataa kofia zetu ngumu, na walikuwa na haki: zilinuka jasho la watu ishirini, zikaharibu nywele. Afande akatafuta dawa yake. Vikofia vyepesi vya kitambaa, vya kuvaliwa chini ya kofia ngumu, kila abiria avae kisafi na kifuliwe. Na mshonaji wake akawa fundi wa Mwika. Alimtafutia cherehani ya kuzungusha kwa mkono, sijui wapi, akawa anapanda kwake kila mwezi na kushuka na furushi. Fundi alikuwa amenisamehe siku nyingi. Alisema breki ni chuma, chuma hakina roho. Alipenda kumsimulia kila mtu jinsi Afande alivyomkumbuka, na kwamba polisi wote wangekuwa hivyo nchi ingepona.

Aliyevigawa vikofia vile kijiweni ni mimi, mwenyekiti. Kila kimoja nilikijua kimeshonwa na nani, kwa mkono upi, na kwa sababu ya nani. Sitaki kusema zaidi.

Kuna jambo nililolielewa kwa kuchelewa. Afande aliziweka breki zangu zilizoungua mezani, mbele ya darasa, kila Jumamosi. Alisema, hizi ndizo nilizoziachia mimi, zitazameni. Aliendelea kutukataza kuzima injini, ndiyo, lakini watu walisikia kile ambacho ajali yangu iliwaambia: kwamba mwenyekiti aliponzwa na breki za zamani. Basi kijiwe kizima kikawa kinabadilisha breki. Tulisifiwa kwa hilo hata na mkuu wa kituo. Mtu akifunga breki mpya alikuwa anapanda Mwika kifua mbele, anageuza, anazima, anashuka bure kwa amani kubwa kuliko mwanzo. Somo lilikuwa la uongo, na mwalimu wake halisi nilikuwa mimi.

Afande alistaafu, tukamfanyia sherehe ndogo ukumbini. Alitushukuru kwa maneno machache, akasema amefanya alichoweza, na kwamba kuna moja ambalo hajajisamehe, nalo tunalijua. Watu walinitazama kwa huruma. Alirudi Masama kwa ng'ombe wake, na darasa akaniachia mimi.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, mmoja wetu alikufa kwenye mteremko wa Mwika. Baba wa watoto wawili, mtu mtulivu, asiyekunywa hata mbege, pombe yetu ya ndizi. Alhamisi alinionyesha breki zake mpya, akaniambia, mwenyekiti, nimekusikia. Jumamosi hakuja darasani. Waliomkuta walisema ufunguo wa pikipiki ulikuwa umezungushwa kwenye kuzima. Msibani mjane wake alikuwa akiwauliza watu, mmoja baada ya mwingine, swali lilelile: lakini si alibadilisha breki? Alipofika kwangu nilisimama, nikapita nyuma ya migomba, nikaondoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda Masama. Nilimkuta Afande zizini na gauni la shamba na buti za mpira, anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Alikuwa amenenepa kidogo na goti moja linamsumbua. Nilimpa shikamoo. Tulizungumza habari za kijiwe, habari za marehemu, alikuwa amezisikia. Alinikaribisha ndani kwa chai, nikasema nasimama hapahapa.

"Afande, breki zilikuwa mpya."

Aliendelea kukata. "Zipi?"

"Zangu. Za siku ile. Nilizibadilisha siku ileile ulivyoniagiza. Nilizima injini juu kabisa, nikashuka bure na fundi nyuma. Ziliungua njiani."

Panga lilisimama. Ng'ombe alinyoosha shingo kutafuta kipande ambacho hakikuanguka. Nilitegemea anitukane, na ningefurahi. Aliuliza tu nilizima kwa sababu gani. Nikasema mafuta. Akauliza mafuta kiasi gani. Nikasema kama robo lita, labda haikufika.

Aliketi kwenye gogo. Alitazama mikono yake, akaifuta kwenye gauni, akaitazama tena.

"Miaka saba," akasema. "Nilikuwa naamka nalo, nalala nalo. Umekuja kuniondolea mzigo, na mgongo umeshapinda kwa ajili yake. Sijui ninyooke vipi."

Nikamwambia naomba anisamehe. Aliniuliza kama mama yangu alijua. Nikasema mama alifariki akiamini kwamba jani lake ndilo lililomkata fundi mguu, na kwamba aliniomba mimi msamaha kitandani, nami nikampa. Hapo Afande alifunika uso kwa kiganja, na ndiyo mara ya pekee niliyomwona hivyo.

Alipoondoa mkono akauliza, "Na fundi?"

"Fundi hajui."

"Mjane wa juzi?"

"Hajui."

"Kumbe umeanza na mimi kwa sababu mimi ndiye rahisi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu, akashika ukingo wa zizi, akainuka, akachukua panga lake. Aliniambia anayestahili kusikia kwanza ni aliyekatwa mguu, wa pili ni yule mjane, wa tatu ni watu wa Jumamosi, wote, mbele ya ubao, na nisiwatume watu wala nisipige simu. Yeye angekuwa wa mwisho katika orodha hiyo. Nikamuuliza tena habari ya msamaha. Akasema nisimuulize leo, ng'ombe hajala.

Siku hiyohiyo nilifika Mwika saa kumi jioni. Fundi alikuwa barazani na cherehani yake, akafurahi kuniona, akaita maji yaletwe. Nilimwambia asisumbuke. Nilivua kofia, nikaketi chini ili nisimtazame kutoka juu, nikasema, "Fundi, nimekuja kukuambia habari ya mguu wako."